Taa za Alhamisi

Kuruthum alifika kituo cha Sindo kabla koplo wa zamu hajamaliza kufagia baraza, birika la chai mkononi, na wala hakuuliza kama mumewe atatoka. Aliuliza jambo moja tu: kama wangemruhusu ainywe chai yenyewe ingali moto.

"Mpe," Inspekta Kemuma akasema.

Koplo Jacktone akafungua birika, akanusa, akarudisha kifuniko kwa shingo upande. Yeye alikwisha kata shauri tangu Ijumaa asubuhi, saa ile ile maiti ilipopatikana. Kwake kesi ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni gari la kumpeleka Ahmednur Farah mahakamani Homa Bay siku ya Jumatatu, akasomewe shtaka la kumuua Fanuel Agutu. Na mji mzima ulikuwa nyuma ya Jacktone. Ijumaa jioni watu walikuwa wamelirushia mawe duka la Ahmednur mpaka mabati ya mlango yakabonyea, na Kuruthum na binti yake wakaenda kulala kwa jirani. Walioyarusha walikuwa wamesema waziwazi: yule akitolewa, mawe hayatatosha.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na Kemuma alikuwa bado hajatia sahihi. Alikuwa ameletwa kutoka Homa Bay asimamie upelelezi, na bila sahihi yake hapakuwa na shtaka. Mama huyu wa milima ya Kisii alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake kupita kiasi: hakutia sahihi jambo ambalo miguu yake haijalifikia.

Alimwacha Ahmednur ameze mafunda mawili ya chai, kisha akaketi mbele yake.

"Mzee Ahmednur, Fanuel alikuharibia biashara."

"Aliiua kabisa, afisa. Zamani wavuvi wote wa omena, hawa dagaa wa ziwani, walikuwa wakinunua mafuta ya taa kwangu. Jioni ikifika duka linajaa, huwezi kupita. Akaja Fanuel na taa zake za kuchajiwa na jua, anazikodisha. Nani atataka mafuta tena?"

"Na mbele ya watu ukasema utamchoma pamoja na taa zake."

"Nilisema. Mdomo wangu hauna breki, muulize mke wangu, mama Sumayya, huko nje. Nilisema asubuhi, na kabla jua halijawa kali Fanuel yuko kwangu, anakunywa chai yangu, ananicheka. Kila siku hivyo hivyo. Aliniambia, 'Ahmed, achana na mafuta, wewe ndiye utakayeuza taa zangu Sindo nzima.' Nilikuwa nimeanza kukubali."

"Jumba aliloweka taa ni lako."

"Ni langu. Alipanga."

"Na ufunguo wa ziada unao."

"Mwenye nyumba gani hana ufunguo? Uko kwenye droo nyumbani."

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Magharibi niliswali msikitini. Halafu nyumbani peke yangu, nasikiliza redio. Mama Sumayya alikuwa Oyugis kwa dada yake mgonjwa."

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Mungu hatapanda kizimbani Jumatatu, mzee."

Ahmednur alilishika lile birika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. "Basi andika kwamba nilikuwa peke yangu," akasema. "Siwezi kukutengenezea shahidi."

*

Jumba lenyewe lilikuwa limeupa mgongo mji na kulitazama ziwa. Mbele palikuwa na chumba cha kuchajia taa, kilichofungwa siku hiyo. Nyuma palikuwa na stoo yenye mlango wake peke yake, wa mbao uliopigiliwa bati, unaofungwa kwa kufuli kwa nje. Ng'ambo ya uwanja mdogo ndipo ilipokuwa nyumba ya Ahmednur.

"Unaona, afande?" Jacktone akasema. "Akitema mate akiwa mlangoni kwake yanafika hapa. Ugomvi anao, ufunguo anao, na dumu lake hilo hapo."

Roseline, aliyekuwa msimamizi wa taa, alikuwa amesimama kando amejitanda leso mabegani. Yeye ndiye aliyefungua kufuli Ijumaa asubuhi na kumkuta Fanuel amelala nyuma ya mlango, kichwa kimepasuka kisogoni, shati limelowa mafuta ya taa. Ubavuni mwake palikuwa na dumu lenye alama nyekundu ya duka la Ahmednur.

"Hili dumu liliingia vipi humu?" Kemuma akamuuliza.

"Lilikuwa humu siku zote, madam. Fanuel alikuwa akisema ukitaka taa mpya, leta ile ya zamani na dumu lake. Angalia mwenyewe."

Kemuma akaangalia. Ukuta mzima wa nyuma ulipangwa karabai kuukuu zilizoshika masizi, na chini yake madumu, na kila dumu lilikuwa na alama ile ile nyekundu. Jacktone akajikohoza. Hakuwa ameyageuza yale madumu mengine.

"Kwa hiyo hili halisemi Ahmednur alikuja," Kemuma akasema. "Linasema tu kuna mtu aliyetaka tumfikirie Ahmednur."

Akainama. Kwenye ukingo wa saruji, karibu na zile karabai, palikuwa na damu iliyokauka. Kutoka hapo alama ya mburuto ilivuka sakafu nzima mpaka mlangoni. Akapiga magoti, akaumulika mlango kwa tochi ya simu. Upande wa ndani, chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala, bati lilikuwa limebonyea na kuchubuka rangi mahali pengi.

"Roseline, hizi zilikuwapo?"

Roseline alitazama, akafunika mdomo kwa leso. "Hapana. Adier, kweli kabisa, hazikuwapo."

Pembeni ya mkono wa kulia wa marehemu, kwenye picha zilizopigwa Ijumaa, palikuwa na kitako cha karabai kilichong'oka, nacho bado kilikuwa sakafuni. Kemuma akakiinua, akakilinganisha na mbonyeo mmoja, kikakaa sawasawa.

"Alifungiwa humu akiwa hai," akasema. "Akatambaa mpaka hapa, akagonga."

"Basi Ahmednur alimfungia akiwa hai," Jacktone akang'ang'ania.

"Au mwingine mwenye ufunguo. Roseline, funguo ni ngapi?"

"Wangu. Wa Fanuel, na huo ulikuwa mfukoni mwake. Wa mwenye nyumba. Na wa mkurugenzi, Mosoti, yuko ofisi ya Migori."

"Fanuel na huyo mkurugenzi walikuwa wakipatana?"

Roseline alisita. Alieleza kwamba Fanuel alikuwa ameishi miaka mingi katika miji mikubwa, kazi yake kuzishauri kampuni za nishati: zianzishe biashara gani, zisonge wapi, ziache nini. Alisifiwa huko, akalipwa vizuri, kisha siku moja akachoka kushauri mambo ya mahali asipopajua, akarudi kwao Sindo na wazo la taa. Mosoti ndiye aliyetafuta wawekezaji. Jumatatu wageni hao walikuwa waje kuona kazi.

"Mosoti alitaka waje mwezi ujao, huko huko Migori, hotelini. Fanuel akakataa katakata. Waje Sindo, na waje wiki hii, si nyingine. Aliniambia, 'Roseline, nataka waone ziwa lenyewe.' Walibishana sana kwa simu." Machozi yakamshinda hapo, na Kemuma akamwacha alie.

*

Migori kanisa lilikuwa limetoka. Chini ya hema akina mama walikuwa wakipakua wali na maharagwe, na Mosoti, mzee wa kanisa, alikuwa akipita kati ya meza akiwasalimu wageni mmoja mmoja. Mtu mrefu, suti ya kijivu, sauti ya chini. Alipomwona Kemuma alikuja moja kwa moja, akamsalimu kwa Kigusii.

"Dada, bwakire. Leo Sabato na wewe uko kazini?"

"Maiti haijui Sabato, mzee."

Uso wa Mosoti ulisawijika. Akamvuta kando, kwenye kivuli cha ukuta, na kabla hajaulizwa lolote machozi yalikuwa yanamlengalenga. Yalikuwa machozi ya kweli. Kemuma alikuwa ameyaona mengi ya kila namna, na hayo aliyaandika moyoni kuwa ya kweli.

"Fanuel alikuwa akili ya kampuni," Mosoti akasema. "Mimi ni mdomo tu. Nimeweka nyumba ya watoto wangu dhamana kwa ajili ya taa zile, dada. Unajua kilichowavuta wawekezaji? Sentensi moja. Taa zetu ziko majini kila usiku wa Mungu, mwezi mzima, mwaka mzima. Hapo ndipo walipokubali kuja."

"Gari lako lilionekana Sindo Alhamisi."

"Si siri. Nilikwenda tuzungumze habari za wageni. Tulizungumza nje, palepale mbele, tukaagana vizuri jua linazama. Stoo sikuingia."

"Halafu ukarudi Migori?"

"La, nilishuka kwanza ufukweni, nikaone taa zikitoka." Mosoti alifumba macho kidogo, kama mtu anayeongoza sala. "Ungeona, dada! Wavuvi wamejaa pale mlangoni, foleni, kelele, vicheko, kila mmoja anataka taa yake. Mashua zikatoka moja baada ya nyingine. Juu mwezi umejaa, mkubwa kama sinia, chini taa zetu. Ziwa lilikuwa limegeuka mji. Nilisimama mpaka taa ya mwisho ikawa nukta, ndipo nikawasha gari."

"Na Fanuel?"

"Alibaki ndani." Akasita, akazungusha pete kidoleni. "Sitaki kumsingizia mtu. Lakini wakati natazama mashua, yule mwenye duka nilimwona anazunguka upande wa nyuma."

"Una hakika ni yeye?"

"Kwa mwanga wa mwezi ule? Nilimwona vizuri, na kofia yake."

Kemuma aliandika. Shahidi mtu mzima, mtu wa heshima, aliyemwona mshukiwa mahali penyewe kwa saa yenyewe. Hata yeye aliona kwamba sahihi sasa imepata pa kukaa.

"Kesho utakuja Sindo unionyeshe uliposimama?"

"Nitakuja asubuhi. Kwa ajili ya Fanuel nitakuja."

Mama mmoja aliwaletea sahani mbili. Mosoti akapokea yake, akashukuru, akaishika mpaka Kemuma akaondoka, wala hakuionja.

*

Akirudi Sindo, njia yote ya Karungu Kemuma hakufungua redio ya gari. Alikuwa ameipanga kesi, nayo ilipangika: Ahmednur alitoka msikitini, akazunguka nyuma, wakagombana, akampiga, akafunga. Wavuvi wakiwa mbele na makelele yao. Kila kitu kilikaa mahali pake, na bado mlango ule ulimsumbua.

Alipofika Sindo jua lilikuwa limeanza kulegea. Alimkuta Jacktone kituoni, akamchukua.

"Wewe nenda ufukweni, simama mahali mashua zinapofungwa. Mimi nitagonga mlango wa stoo kwa ndani. Ukisikia, inua mkono."

"Afande, kwani..."

"Nenda."

Akaingia, akalala sakafuni na sketi yake ya kazi, akashika kile kitako cha karabai, akagonga bati. Aligonga kivivu, kama mgonjwa. Mlio uliomrudia ulimfanya azibe masikio. Alipotoka nje alimwona Jacktone mbali kule, mkono juu, na watu wawili watatu kando yake wamegeuka kutazama kelele ile inatoka wapi.

Kemuma akashuka ufukweni kwa hatua za haraka.

"Umesikia?"

"Hata kiziwi angesikia."

"Basi niambie, wale watu wa Alhamisi walikuwa na masikio gani? Foleni nzima pale mlangoni, wanachukua taa, na mwenzao anagonga bati nyuma ya ukuta, hakuna aliyegeuka?"

Jacktone akamtazama kama hajaelewa Kiswahili. "Foleni gani?"

"Ya wavuvi. Wa omena."

"Alhamisi?"

"Alhamisi jioni. Mosoti aliwaona wakichukua taa. Mashua zikatoka zote, ziwa likageuka mji."

Jacktone alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kisha kikakatika ghafla. "Afande, nani amekudanganya hivyo? Alhamisi hapa hapakuwa na mtu. Hata mbwa. Si ni wiki ya mwezi!"

"Wiki ya mwezi ndiyo nini?"

"Omena huvuliwa gizani. Unawasha taa, wanakuja kwenye mwanga, unawazingira na wavu. Sasa mwezi ukijaa, ziwa lote ni mwanga. Watakuja kwa taa yako wanatafuta nini? Hakuna mtu huendanga majini wakati huo. Watu wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, wanaziba mashua. Angalia tu."

Kemuma akaangalia, na safari hii akaona. Mashua zilikuwa zimepinduliwa kifudifudi mchangani, safu kwa safu, nyingine lami yake haijakauka. Zile nyavu ambazo wanawake huanikia omena zilikuwa tupu, zimekunjwa, na kuku walikuwa wakiparuza pembeni yake. Alikuwa amezipita asubuhi akidhani ni mapumziko ya Sabato.

"Koplo, mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia. Mtoto wa shule wa hapa anajua. Sasa mimi ningejuaje kwamba kuna mtu wa biashara ya taa asiyejua?" Akaivua kofia yake, akaigeuza mkononi. Alikuwa ameanza kuona alikokuwa anakwenda mkubwa wake, na hakupenda njia yenyewe, kwa sababu ilipita juu ya kesi yake. "Lakini mtu kutia chumvi si kuua, afande."

"Kweli. Lakini mtu aliyetia chumvi ndiye aliyemwona Ahmednur. Na kama hakuwa hapa anatazama mashua, jua lilipozama alikuwa wapi?"

Simu yake ikalia. Alikuwa daktari wa Homa Bay aliyeifanyia maiti uchunguzi. Kemuma alisikiliza amempa mgongo Jacktone, akashukuru, akaizima. Hakueleza alichoambiwa. Alisema tu kwamba kesho Jacktone asivae sare, na asimwambie mvuvi yeyote lolote.

*

Jumapili asubuhi Mosoti alikuja kama alivyoahidi, peke yake. Ufuko ulikuwa na watu. Wavuvi walikuwa wamekaa juu ya mashua zao, wengine wanashona nyavu, wengine wanashindilia pamba kwenye nyufa na kupaka lami. Jacktone alikuwa miongoni mwao na fulana kuukuu. Roseline alisimama kwenye ngazi ya jumba.

"Nionyeshe, mzee," Kemuma akasema kwa sauti ya kusikika. "Ulisimama wapi?"

"Hapa hapa. Gari nililiacha pale."

"Na foleni?"

"Kutoka ule mlango mpaka huku." Mosoti alinyosha mkono. Sauti yake ilikuwa imezoea mikutano, ikafika mbali bila yeye kutaka. "Walikuwa wengi. Wakachukua taa, wakaingia majini."

"Na mashua zipi zilizotoka?"

"Hizi. Zote hizi. Hakuna iliyobaki, mwezi umewamulika mpaka kule kisiwani."

Nyundo moja ikanyamaza, halafu nyingine. Mvuvi mmoja alicheka, akatazama wenzake, akaona hakuna anayecheka, akainamisha kichwa juu ya wavu wake. Mosoti aliona kimya kile kimekuja. Aliwatazama wale watu, akatazama mashua walizokalia, matumbo juu, na bado hakuelewa.

"Kuna nini?" akauliza.

"Mwezi ukijaa hawaendi majini," Kemuma akamjibu. "Omena hawaji kwenye taa. Mashua hizi zimelala hivi wiki nzima. Alhamisi hakuna taa hata moja iliyotoka, zote zilikuwa rafuni. Muulize Roseline."

Mosoti akafungua mdomo. "Basi nimechanganya siku. Labda ilikuwa safari nyingine."

"Mwezi uliuona. Ulikuwa mkubwa kama sinia. Kwa mwanga wake ulimwona Ahmednur na kofia yake. Sasa ama uliona mwezi, ama uliona mashua. Chagua kimoja."

Mosoti akatoa kitambaa mfukoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na asubuhi yenyewe ilikuwa na baridi ya ziwa.

"Fanuel aliwataka wageni waje wiki hii," Kemuma akaendelea. "Alitaka waone mashua hizi zimelala, wajue kwamba zile habari za 'kila usiku wa Mungu' si za kweli. Hakukuambia?"

"Alikataa kuniambia!" Ilimtoka kwa hasira, kama mtoto aliyeonewa. "Alisema tu mkakati ninaoutangaza ni uongo, na Jumatatu wageni watauona uongo wenyewe kwa macho. Nikamwomba anieleze. Anasema, 'Nikikueleza wewe utapata maneno ya kuufunika, njoo uone.' Ananivuta mkono, twende ufukweni, twende ufukweni..."

"Mkiwa wapi? Mbele ya jumba mlipoagana?"

Mosoti akageuka kulitazama gari lake.

"Daktari alinipigia jana," Kemuma akasema. "Fanuel hakufa jioni. Alikufa alfajiri."

"Si kweli."

"Alikuwa hai usiku kucha."

"Si kweli! Nilimwangalia. Hakuwa anapumua. Nilimwacha amekufa tayari."

Hakuna aliyesogea. Hata Mosoti mwenyewe alisimama tu, akiyasikiliza maneno yake, na mkono wake ulikwenda kwenye ile pete kidoleni ukaizungusha. Kisha akaketi juu ya mashua iliyokuwa karibu. Lami mbichi ikamshika suti, wala hakujali.

"Nilimsukuma tu," akasema polepole. "Nimtoe mkononi mwangu. Akaangukia ule ukingo. Nilifikiria watoto, nyumba... Nikaliona dumu, nikammwagia mafuta. Nikafunga kufuli kwa ufunguo wangu, nikaenda."

"Aligonga," Kemuma akamwambia. "Alitambaa mpaka mlangoni akagonga kwa chuma. Jana niligonga mimi, na mtu aliyesimama hapa ulipo alinisikia. Kama ufuko ungekuwa vile ulivyonisimulia, na ile foleni, na watu wale wote, wangemfungulia kabla hujafika Karungu. Fanuel angekuwa hai leo, na wewe ungekuwa na kesi ya kumsukuma mtu."

Mosoti alifunika uso. Jacktone akaja taratibu, akamshika kiwiko, akamwinua kwa heshima kama anavyoinuliwa mtu msibani. Wavuvi waliwapisha njia. Roseline alikuwa ameingia ndani, na sauti yake ya kilio ilisikika kutoka chumba cha taa.

*

Ahmednur alitolewa kabla ya adhuhuri. Kemuma alitaka amweleze mwenyewe, mbele ya mkewe, ili mjini pasisemwe kwamba ameachiliwa kwa mlango wa nyuma. Jacktone alikuwa ameketi kando, macho chini, na alipoona birika la Kuruthum ni tupu alilichukua bila kuambiwa, akaenda kulijaza kwenye kibanda cha jirani.

Kemuma alieleza yote: wageni, mwezi, ukingo, kufuli. Kuruthum alimshukuru Mungu kwa sauti, akashika mkono wa mumewe. Ahmednur hakushukuru. Alisikiliza mpaka mwisho, akawa anatazama ukutani.

"Aligonga," akasema. "Saa ngapi?"

"Hatujui, mzee. Alizinduka baadaye. Pengine ni usiku wa mapema."

"Dirisha langu liko pale ng'ambo ya uwanja."

"Najua."

"Nilikuwa macho, afisa. Mama Sumayya hayupo, usingizi haukuja, nikakaa mpaka usiku mwingi." Jacktone alikuwa amerudi na chai, akasimama mlangoni nayo, hajui ampe nani. Ahmednur akamgeukia Kemuma, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka ndevuni naye hayafuti. "Nilikuambia siku ya kwanza. Nilikuwa nimefungua redio."

Kuruthum akamwita kwa jina lake. Hakusikia.

"Nilikuwa nimeifungua kwa sauti kubwa," akasema.